Mkono wa Godavari

Nianze na lililo langu, nisionekane nawasema wengine huku mimi nimekaa pembeni. Aliyemponza Godavari ni mimi. Ni mdomo wangu huu huu. Sikukusudia ubaya, lakini hata asiyekusudia akimwaga maji ya moto, aliyeungua kaungua.

Godavari ni muuza bangili. Hapa kwetu Chinchwadi ukoo wao umeuza bangili za kioo miaka nenda miaka rudi, na nafasi yao ni ileile, mbele ya hekalu la mungu wetu Maruti, kushoto mwa ngazi, chini ya kibati. Aliolewa hapa akiwa na miaka kumi na minane. Mumewe Eknath ndiye aliyemfundisha kazi, na haikupita miaka miwili mwanafunzi akamshinda mwalimu. Kumvalisha mtu bangili ya kioo si mchezo. Inayopendeza ni ile inayobana, na inayobana haiingii mpaka kiganja kibinywe, mifupa ikusanyike, ukikosea kidogo tu kioo kinapasuka na mtu anachanika. Eknath alikuwa anavunja mbili tatu katika kila dazeni. Godavari hakuvunja hata moja. Alikuwa anakushika mkono na kukuuliza habari za mama mkwe wako, ukianza kulalamika unakuta bangili sita zimeshapita. Mimi alinivalisha miaka kumi na miwili.

Miaka mitatu iliyopita trela la miwa lilipinduka njia ya kiwandani likamlalia Eknath. Maiti haijatoka uani, wajane wazee wakamkalisha Godavari kwenye jiwe la kufulia. Wakamfuta pajini alama nyekundu ya mwenye mume, wakamkata mkufu wa ndoa, wakamshika mikono yote miwili na kuipigiza kwenye jiwe mpaka bangili zikavunjika zote, damu inamchuruzika hadi kwenye viwiko. Mwanamke ambaye hajawahi kumvunjia mtu bangili! Na sisi wenye waume tulisimama kando, tumeziba midomo kwa ncha za sari, tunalia. Tulilia kweli, siwadanganyi. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesema acheni.

Basi tangu siku hiyo mkono wake ukawa nuksi. Mjane kwetu havai bangili, hapaki alama, haalikwi kwenye sherehe, na ukikutana naye asubuhi unapokwenda safari unarudi kwanza ndani ukae. Na mjane akimvalisha bangili mke wa mtu, huyo mume siku zake zinahesabika. Ndivyo tulivyolelewa. Wanawake wakaanza kumkwepa mmoja mmoja. Mimi nilimwambia mkono umenivimba. Umevimba nini? Nilikuwa nakwenda kununua bangili za plastiki mjini Barshi, nikirudi napita nyuma ya hekalu asinione. Yeye anakaa pale na kapu lake asubuhi mpaka jioni, na msichana wake Mukta yuko darasa la tisa anahitaji kula na kusoma.

Mwaka huohuo Namdeo muuza maziwa alifiwa na mkewe mwezi wa nne. Mwezi wa saba akaletewa mke mwingine, mbichi kabisa, na watu wakala karamu. Hakuna aliyemvunjia Namdeo kitu. Hakuna aliyeacha kunywa maziwa yake.

Sasa nije kwenye kosa langu. Ilikuwa mwanzoni mwa Januari, wiki mbili kabla ya uchaguzi wa kijiji. Nilikuwa narudi kwa dada yangu, basi likasimama kwenye soko la Jumatano la Javle, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu, mahali ambapo watu wetu hawana shughuli. Nikachungulia dirishani. Nani yule? Godavari! Amekaa chini na kapu lake, amezungukwa na wanawake, na pajini ana alama nyekundu kubwa, na mikononi bangili za kijani mpaka karibu na kiwiko. Anacheka. Miaka mitatu sikuwa nimemwona akicheka.

Nyie, nilifurahi! Kichwani mwangu haikuingia kitu kingine: Godavari ameolewa. Amepata mtu huko Javle, kaolewa kimyakimya, hataki maneno ya watu. Kwa sisi wa huku mwanamke mwenye alama pajini ana mume, basi, hakuna la kufikiri zaidi. Basi likaondoka kabla sijamwita. Nikafika nyumbani nimejaa habari mpaka kooni. Mama mkwe alikuwa anachagua mtama. Nikamwambia, "Mama, unajua nini? Godavari kaolewa!"

"Toba! Kaolewa na nani?"

"Sijui, lakini nimemwona kwa macho yangu, alama hii hapa, bangili hizi hapa."

Mama mkwe akaweka ungo chini, akavaa ndala, akatoka. Jua halijazama, kijiji kizima kinajua. Godavari aliposhuka kwenye basi la jioni alikuwa paji jeupe na mikono mitupu kama kawaida yake, na chini ya mti wa kituoni wanawake kama thelathini wanamsubiri. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Hakuwa na mume yeyote. Alikuwa anapaka alama asubuhi kwenye choo cha kituo cha basi ili apate kuuza, na jioni anaifuta ili apate kurudi.

Kesho yake ukaitwa mkutano kwenye baraza la hekalu, na aliyeuita ni Jaywantrao Dhumal.

Huyu Jaywantrao msimjue juujuu. Ana mashamba ya miwa, ana trekta tatu, na mwaka huu alitaka uenyekiti wa kijiji. Serikali ikasema safari hii kiti ni cha wanawake. Hakuna shida, akamsimamisha mkewe Kamal. Bango likatundikwa njia panda: Jaywantrao mkubwa kama mlango, ameunganisha mikono, anatabasamu, na Kamal pale chini pembeni kwenye kiduara, utadhani picha ya kitambulisho. Mume wangu Dinkar ndiye mpiga debe wake. Ndiyo, nimemtaja mume wangu kwa jina, na kwetu mke hataji jina la mumewe. Nimechoka na hayo nayo.

Na jambo jingine la Jaywantrao, ambalo hata mbuzi wa hapa wanalijua: ana nyumba ndogo Barshi. Nyumba ndogo ya miaka kumi na mmoja, na watoto wawili, wa kwanza pua yake mwenyewe. Watu wakilitaja wanacheka, "Aa, mambo ya wanaume hayo." Wengine humsifu kwamba angalau anawatunza.

Basi mtu huyo ndiye aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mungu, kilemba cheupe, akasema kwa sauti ya masikitiko, "Ndugu zangu, sisi si watu wa kumwonea mjane. Lakini mwanamke huyu amedanganya. Amevaa alama ya ndoa bila ndoa. Amewashika mikono wake za watu huko Javle, hawajui wameshikwa na nani. Kijiji kinatukanwa! Atwambie mwenyewe kwa nini."

Godavari akasimama. Nilikuwa upande wa wanawake, nimejikunyata nyuma ya mama mkwe. Nilitarajia alie. Hakulia.

"Sina la kuficha," akasema. "Naivaa saa mbili asubuhi, naivua saa kumi na moja jioni. Ni sare ya kazi. Hapa mmenikatalia mkono wangu miaka mitatu, nyote, hata niliowavalisha siku za harusi zao. Mnataka mwanangu ale nini? Mawe ya hekalu?"

"Hilo si jibu!" mtu akapiga kelele.

"Mmesema alama ni ya mwenye mume. Sawa." Akamgeukia Jaywantrao. "Basi mheshimiwa nisaidie na mimi nielewe. Yule mama wa Barshi naye anapaka alama. Nimemwona, tena nyekundu kuliko yangu. Anaipaka kwa mume gani?"

Jamani! Wanaume wakaanza kutazama vidole vya miguu yao. Kamal mke wa Jaywantrao alikuwa mstari wa mbele, na uso wake haukugeuka hata kidogo, kama mtu aliyekwisha kulisikia swali hilo mara elfu kutoka ndani.

Halafu kelele zikalipuka. "Hana adabu!" "Anamtaja mke wa mtu mbele ya mungu!" Eti mke wa mtu, mnasikia wenyewe? Mama mkwe akatema pembeni. Na mimi niliyekuwa na neno la kusema, kwamba mbegu ya yote hayo ilitoka kinywani mwangu, nikanyamaza kama maji mtungini. Uamuzi ukatolewa kabla chai haijapoa: Godavari asikanyage tena mbele ya hekalu na kapu lake, na kibati king'olewe. Dinkar wangu ndiye aliyekiangusha. Nilimwona anavyopiga nyundo kwa bidii, nikajiuliza hivi mtu huyu mimi namjua?

Siku nne baadaye Dinkar alikuwa amekaa sakafuni na daftari la wapiga kura, anaweka alama za vema na za mkasi kwenye majina, mara akaacha kalamu.

"Mama Rohini, tuna wajane wangapi hapa kijijini?"

"Sijui. Umeshawahesabu ng'ombe?"

"Usinitanie, nauliza la maana. Nimepata arobaini na mmoja." Akafuta jasho. "Mara iliyopita tulishindwa kwa kura ishirini na sita."

Arobaini na mmoja! Malori ya miwa, pombe, sumu ya dawa za pamba, magonjwa, waume zetu wanakufa mapema na sisi tunabaki. Na ghafla hao nuksi, hao ambao ukikutana nao asubuhi unarudi ndani, wakawa mali. Jioni ileile Jaywantrao akaenda mwenyewe kwa Godavari, na mimi nikatumwa nibebe blanketi la zawadi, maana mwanamume hawezi kuingia peke yake kwa mjane, watu watasemaje! Kwa huyo wa Barshi anaingia peke yake.

Godavari alitutandikia mkeka. Jaywantrao akakaa, akawa mpole.

"Dada Godavari, siku ile watu walikuwa na jazba. Mimi sina kinyongo na wewe."

"Nashukuru, mheshimiwa. Mimi ninacho."

Akacheka kidogo, kisha akaingia kwenye lililomleta. "Wajane wenzako wanakusikiliza. Zungumza nao. Kamal akipita, nafasi yako mbele ya hekalu nakurudishia, na bati jipya. Neno langu."

"Nirudishie kesho, kabla ya kura."

"Ah, dada, kesho haiwezekani. Watu watanifikiriaje? Baada ya kura."

"Kwa hiyo kura yangu ni safi wiki ijayo, mkono wangu ni mchafu kesho?"

Akasimama, akajikung'uta. Mlangoni akamwambia, "Fikiria mwanao," kwa sauti ile ya upole ambayo ni kitisho. Blanketi niliacha. Asubuhi yake nililikuta limetundikwa kwenye uzio wetu.

Msidhani upande wa pili walikuwa afadhali. Mhaske, aliyemsimamisha mkewe vilevile kwa bango lilelile la mume mkubwa na mke mdogo, alimwendea Godavari siku ya pili yake. Akamsikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema habari za hekalu ni habari za miungu, yeye ni mtu wa maji na barabara tu, asiingizwe. Lakini kura anaomba. Ndio uchaguzi wetu huo, ndugu wawili wa tumbo moja wamevaa kofia mbili.

Godavari hakugombana naye. Alianza kupita nyumba kwa nyumba za wajane, anakaa mlangoni, anaongea. Sikusikia alichokuwa anasema mpaka mmoja wao, bibi Anusaya asiye na jino hata moja, aliponiambia kisimani: "Kumbe kwenye ile mashine ya kura kuna kitufe cha chini kabisa, cha Hakuna Kati ya Hawa. Miaka yote hii nabonyeza ninachoambiwa na mwanangu, mimi nikadhani kile cha mwisho ni cha kuzimia."

Siku mbili kabla ya kura Jaywantrao akaandaa sherehe ya manjano na wekundu. Ni msimu wake, tunavaa sari nyeusi, wanawake wenye waume tunapakana manjano na unga mwekundu pajini, tunapeana ufuta uliosagwa na sukari guru, tunaambizana tuseme maneno matamu mwaka mzima, na mwenye nyumba anatoa kijizawadi. Sheria ya uchaguzi inakataza kumpa mpiga kura zawadi. Lakini hii si zawadi, ni mila! Kila mke wa mtu akatoka na bakuli la bati lenye mfuniko, zuri, zito, limechongwa jina la Kamal.

Wajane nao waliitwa safari hii. Waliitwa uani. Walikalishwa nyuma ya zizi karibu na kinyesi, wasije wakatupitishia kivuli, wakapangwa mstari wapokee mablanketi kutoka kwa kijakazi. Nilikwenda chooni nikawaona. Walikuwa saba tu, na bibi Anusaya hakuwemo. Mmoja aliniambia kwa aibu, "Baridi, mwanangu, siwezi kukataa blanketi." Sikumlaumu. Ningemlaumuje, mimi niliyekuwa na bakuli mkononi?

Nilipofika mbele ya Kamal apate kunipaka, kidole chake kikasimama hewani karibu na paji langu. Akaniambia polepole, wengine wasisikie, "Vatsala, lile swali lake nimelinyamazia miaka kumi na mmoja." Kisha akanipaka na kumwita anayefuata.

Siku ya kura Dinkar alinisindikiza mpaka mlango wa shule, mimi na mama yake, kama anapeleka mbuzi mnadani. "Alama ni cherehani," akarudia. "Cherehani, cha pili kutoka juu. Kura ya nyumba hii ni moja, umesikia?"

"Nimesikia, baba Rohini."

Nikapakwa wino kidoleni. Nikaingia nyuma ya kadibodi. Cherehani hiki hapa, filimbi ya Mhaske hii hapa, na pale chini kabisa kile kitufe. Mwaka wa kumi na nne huu napiga kura, na sikuwahi kupiga yangu hata mara moja. Nilimkumbuka Dinkar na nyundo yake. Nilikumbuka wale saba nyuma ya zizi. Nikabonyeza cha chini kwa nguvu mpaka kidole kikaniuma, mashine ikalia piii, nikatoka. Dinkar akanitazama machoni nami nikamtazama. Mashine haisemi.

Matokeo: Kamal mia mbili themanini na saba. Mke wa Mhaske mia mbili sitini na mbili. Hakuna Kati ya Hawa, mia moja kumi na nane.

Shada la maua likavikwa shingoni, mnadhani mwa nani? Mwa Jaywantrao. Mshindi mwenyewe alikuwa jikoni anasimamia chai ya wageni. Na wanaume kituoni wakawa wanacheka, "Wajane wametupa kura zao jalalani." Mimi nilikuwa napiga hesabu nyingine. Wajane ni arobaini na mmoja, hata wote wangeibonyeza. Hizo nyingine sabini na zaidi ni za nani? Nikawa natembea kijijini nawatazama wanawake wenzangu wamefunika vichwa, wamebeba ndoo, kila mmoja uso mkavu kama wangu. Kumbe tulikuwa tumejaa! Tumejaa, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Kesho yake nikaenda kwa Godavari, nikamwambia. Nilimwambia yote, la dirisha la basi, la mama mkwe na ungo, lote.

"Najua ni wewe," akasema. Alikuwa anapanga bangili kwenye nyuzi. "Hivi ulipodhani nimeolewa, ulisikiaje?"

"Nilifurahi."

Akaniangalia sana. "Basi ni wewe peke yako kijiji hiki kizima." Akasogea ukutani nipate pa kukaa. Nilikuwa bado natafuta neno la kuomba radhi pale mlango wa nyuma ulipofunguka, akaingia Kamal, amejifunika uso kama anayekwepa deni.

Alinikuta mimi pale, akasita, kisha akajikaza. "Dada Godavari, Jumatatu naapishwa. Nataka bangili za kijani, dazeni mbili. Nataka univalishe wewe." Akakunja mikono ya blauzi, akanyoosha viganja. "Nivalishe hapa. Nitakulipa vizuri."

Godavari hakusogea. "Wewe ndiye mwenyekiti sasa?"

"Ndiyo."

"Basi njoo Jumatatu mbele ya hekalu, kwenye nafasi yangu. Nitakuvalisha bila malipo."

"Godavari, unamjua mume wangu."

"Namjua. Na wewe unamjua zaidi yangu. Huku ndani, mlango wa nyuma, mimi simvalishi mtu. Mumeo ana nyumba ya mlango wa nyuma, inatosha."

Kamal akabaki na viganja vyake hewani. Nilidhani atatukana, nikadhani atalia. Akashusha mikono, akajifunika tena, akatoka alikopitia. Nikakasirika kwa niaba yake na nikamkasirikia yeye, vyote kwa pamoja.

Jumatatu saa nne asubuhi ngoma zilianza kwa Jaywantrao. Gari la wazi mbele, Jaywantrao amesimama anapunga mkono, Kamal amekaa nyuma yake, watu wanarusha unga wa rangi ya waridi, wanaume wanacheza, sisi wanawake nyuma tumebeba vyombo vya taa. Dinkar ndiye anayeongoza ngoma. Tukakunja kona ya hekalu.

Godavari alikuwa amekaa mahali pake. Hakuna kibati, jua linampiga kichwani. Ametandika gunia, ameweka kapu, paji lake jeupe, mikono yake mitupu. Hakupaka kitu. Amekuja alivyo.

Ngoma zikapwaya. Jaywantrao akapiga bodi ya gari, "Twende! Twende!" Gari likapita. Nilimtazama Kamal. Aligeuza shingo akamtazama Godavari mpaka gari likampita, mpaka ikabidi ageuze kiwiliwili chote, lakini hakushuka. Mwenyekiti wa kijiji alipitishwa mbele yetu kama gunia la kitunguu.

Nikampa mama mkwe chombo changu cha taa. "Shika."

"Unakwenda wapi wewe?"

Nikatoka mstarini. Nilikwenda nikakaa kwenye gunia mbele ya Godavari, nikazivua zile plastiki za Barshi nikazitupa, nikanyoosha mkono. Nyuma yangu mama mkwe anapiga mayowe kwamba namuua mwanawe, naua ukoo, wanishike. Ngoma zilinyamaza kabisa. Dinkar akaja mbio, jasho na unga wa waridi vimemchanganyikia usoni, na cha ajabu hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa. Mtu mzima, mpiga debe, mvunja vibanda, anaogopa kioo cha kijani.

"Mama Rohini, inuka. Nakuomba inuka." Akachuchumaa kando yangu. "Na kama nikifa kweli?"

"Ukifa," nikamwambia, "Godavari atanifundisha kazi."

Kutoka kwenye kundi la wanawake mtu akacheka, kicheko kifupi cha kushtukiza, kisha mwingine. Nikasikia chombo cha taa kinawekwa chini, na cha pili. Sikugeuka kuona ni akina nani. Godavari alikuwa ameshanishika kiganja, anakibinya, ananiuliza, "Haya niambie, mama mkwe wako hajambo?"